Rangi za maji, masika, na ukuta wa matumbawe

"Mwanangu, gandisha pembe zote nne kwa gundi, ndiyo picha itanyooka." Fundi fremu aliniambia hivyo, nikamsikiliza. Katika picha kumi na mbili za maonyesho yangu ya kwanza hapa Mji Mkongwe, saba ziliharibika.

Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Karatasi ya pamba hunywa unyevu wa hewani ikatanuka. Ikiwa imegandishwa pande zote haina pa kwendea, kwa hiyo inafura katikati na kugusa kioo. Rangi za maji nazo zimeshikwa na gundi ya mgunga, ambayo hulainika tena kila ikipata maji, hata picha iwe imekauka mwaka mzima. Nilipofungua fremu ya jahazi, kivuli cha buluu chini ya tanga kilibaki kwenye kioo pamoja na ngozi ya karatasi. Pale palipobanduka hapapakiki tena, rangi hunyweka kama kwenye pamba ya kidonda.

Halafu ukuta. Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, huvuta maji kutoka chini na kuyatoa polepole. Fremu ikibanana na ukuta ule, nyuma yake hewa haipiti, na kuvu huanzia kwenye kadibodi ya nyuma kabla hujaona doa lolote mbele.

Sasa natumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, pamba tupu, na picha naishika kwa juu tu. Vipande viwili vya karatasi nyembamba ya nyuzi za mforosadi, sentimita 2 kwa 4: nusu ya kila kipande nyuma ya ukingo wa juu wa picha, nusu kwenye kadibodi isiyo na asidi, kisha kipande kingine kinapita kwa kukingama juu ya nusu iliyo kwenye kadibodi. Gundi ni wanga wa ngano, si unga. Kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, moto mdogo, nakoroga bila kuacha kama dakika ishirini mpaka ung'ae, ukipoa nauchuja kwa kitambaa. Usiupake mwingi, maji yake yatakunja karatasi. Weka uzito juu, subiri saa nzima. Picha inaning'inia kama kanga kambani, itanuke inavyotaka. Mbele yake kuna kadibodi nene yenye dirisha ili kioo kikae mbali. Kwa picha kubwa mimi huweka mbili.

Tatizo la ukuta lilitatuliwa na kandambili, na hili naona fahari kulisema. Nilijaribu vipande vya mbao, vikanyonya maji. Nikajaribu vifuniko vya chupa, vikashika kutu na kuuchafua ukuta wa mwenye galari. Soli ya kandambili kuukuu hainywi maji: ioshe, ikaushe, ikate kwa wembe vipande vya sentimita 2, vibandike kwenye pembe nne za nyuma ya fremu. Unapata nafasi ya sentimita moja au zaidi, upepo unapita, na fremu haitelezi hata mtu akiigusa kwa bega. Visibandikwe popote vinapogusa karatasi yenyewe.

Kulabu za kamba ziwe theluthi moja kutoka juu, la sivyo fremu huinamia mbele. Kitovu cha picha natundika sentimita 150 kutoka sakafuni.

Na wekundu wa alizarini, wenye namba ya rangi PR83 kwenye kasha, niliuacha, hufifia kwenye mwanga. Wekundu wenye namba PV19 hudumu.

Upande wa fedha: fremu ndiyo inayomaliza mfuko, kuliko rangi na karatasi. Galari ya kwanza ilichukua picha kwa mali kauli, asilimia 40 yao. Sikuandikiana nao, na vioo viwili vilipovunjika nililipa mimi. Siku hizi nabeba orodha: jina la picha, ukubwa, bei, nani analipa kioo kikivunjika, na siku ngapi baada ya kuuza ndipo napewa changu. Wote wawili tunatia saini kabla sijashusha hata fremu moja. Na mteja akinifuata nyumbani namwambia bei ile ile ya galari.

Maonyesho ya pili yalikaa wiki sita, masika vilevile. Nilipozishusha nilipitisha kiganja nyuma ya kila fremu. Zote kumi na nne zilikuwa kavu.