Kitobo cha sikio: siku moja katika kliniki ya watoto, Tanga

Saa 11:30 alfajiri
Adhana haijamalizika, na mdogo wangu wa kiume amekwisha kutandika kitanda chake. Ana umri wa miaka 26, ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kukua na kujifunza, na hutembea amefunga mikono mgongoni kama alivyotembea marehemu baba yetu akikagua minazi yake. Wageni humfananisha na kijana wa mtaa wa pili mwenye hali kama yake. Sisi wa nyumbani tunauona mwendo wa baba. Ni kwa ajili yake nilisomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi.

Saa 2:00 asubuhi
Ni Jumatano, siku ya watoto wachanga. Natandika mikeka na kupanga khanga safi. Wengi wa watoto wenye hali hii huzaliwa na misuli legevu, hivyo kazi yetu kubwa ni kuwalaza kifudifudi, kifua kikiwa juu ya khanga iliyoviringishwa, hadi shingo izoee kuubeba uzito wa kichwa.

Saa 4:00 asubuhi
Anaingia mama mwenye mtoto wa miezi 5, akifuatana na mama mkwe wake. Mumewe amebaki kusimama mlangoni. Baada ya kumwamkia bibi, namketisha mama, naye ananieleza kwa sauti ya chini kwamba siku aliyojifungua, mhudumu mmoja alimwambia kuwa watoto hawa wote wana sura moja, na tangu siku hiyo mumewe anarudia kwamba sura hii si ya kwao.

Neno hilo lina umri mrefu. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down, alipoieleza hali hii, aliandika kwamba watu hao wakiwekwa pamoja ni vigumu kuamini kuwa si watoto wa wazazi wamoja. Alichokiona kipo: macho yaliyopanda kidogo pembeni, uso ulio bapa, masikio madogo. Lakini aliwaona ndani ya taasisi walimotunzwa mbali na familia zao, akiwalinganisha wao kwa wao, na nasadiki kwamba angaliwaona wakiwa wamepakatwa na bibi zao angaliandika zaidi ya hayo.

Nilipomlaza mtoto kifudifudi na kumgeuza kichwa, niliona mbele ya sikio lake la kulia, pale sikio linapoanzia, kitobo kidogo kama cha ncha ya sindano. Nikamuuliza bibi iwapo kuna mwenye alama hiyo kwao. Hakujibu. Alisukuma mtandio wake nyuma, akanigeuzia shavu, kisha akaita: "Baba, njoo hapa. Inama." Kijana akainama, na kitobo kilikuwa pale pale, upande ule ule. "Basi mnafanana kama shilingi kwa ya pili, na wewe huoni," bibi akamwambia, akiwa tayari machozi yanamlenga.

Kitobo si kipimo cha ubaba, wala sikukitumia hivyo. Ni alama ambayo mara nyingi hurithiwa katika ukoo, nami nilitaka tu wamtazame mtoto wao. Nikawaeleza kwamba kila mmoja wetu ana kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi wetu, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mtoto huyu ana 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja mara tatu, jambo lililotangazwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris. Mara nyingi nakala ya ziada hutoka katika yai la mama, kromosomu mbili zinaposhindwa kuachana, na mara chache hutoka kwa baba. Kwa hiyo hata hiyo ya ziada haikuokotwa njiani: ni ya babu na bibi zake. Jozi nyingine 22 ziko kama zetu, na humo ndimo zilimo rangi ya ngozi, kimo, na masikio ya ukoo. Mama aliinamisha kichwa niliposema yai, nami nikaharakisha kumwambia kwamba hakuna alichokula wala alichotenda kilicholeta jambo hili.

Saa 6:30 mchana
Naandika rufaa za moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya watoto wetu hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Saa 9:00 alasiri
Baba yule amerudi peke yake. Anauliza iwapo hali yenyewe hurithiwa. Namjibu kwamba kwa walio wengi, kama 95 katika kila 100, hutokea kwa bahati tu; lakini kwa watoto 3 au 4 katika kila 100 kipande cha kromosomu ya 21 huwa kimeshikana na kromosomu nyingine, na hapo mzazi mmojawapo, mama au baba, anaweza kuwa amekibeba bila yeye mwenyewe kuathirika. Ndiyo sababu daktari wa watoto huomba kipimo cha kromosomu kabla ya mimba nyingine.

Alinyamaza kitambo, akagusa sikio lake. Kisha akaomba nimwonyeshe namna ya kuiviringisha ile khanga, kwa kuwa jioni mkewe huwa jikoni na yeye huwa nyumbani.