Tawi Lililokatalia na Majani Yake

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nimesimama mara tatu chini ya mti uleule. Baridi inakaribia na majani yake yamepukutika karibu yote. Zimebaki fito tupu, na kiota cha ndege ambacho miezi yote ya joto sikujua kama kipo. Tawi moja tu bado lina majani. Nilidhani ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Nilipolisogelea nikakuta limevunjika zamani, linaning'inia kwa gome, na majani yake yamekaukia palepale.

Tawi lile limenifundisha. Upepo peke yake hauliangushi jani. Siku zinapofupika, mti huvuta sehemu ya chakula kilichomo katika jani na kukiweka akiba kwenye matawi, shina na mizizi. Ukijani hufifia, na umanjano uliokuwamo siku zote hujitokeza. Kisha, pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti wenyewe hutengeneza tabaka jembamba la kuliachia jani na kuziba kidonda. Kazi hiyo inataka uhai. Tawi lililokufa katikati ya majira ya joto halikupata kuifanya. (Najua mialoni michanga hukaa na majani makavu hata ikiwa mizima, kwa hiyo sisemi kwamba kila kinachoshikilia kimekufa.)

Mwaka huu nami nimepukutikiwa: huduma niliyoipenda, nguvu za miguu, na rafiki aliyekuwa akiniombea kila alfajiri. Yote nikayahesabu kuwa adhabu. Kisha nikarudi Mwanzo 8:22, ahadi ya Mungu baada ya gharika. Siku zote nimeisoma kama ahadi ya mavuno. Lakini baridi nayo imetajwa mle, bega kwa bega na mavuno, kwamba haitakoma. Basi baridi imo ndani ya ahadi, na mimi nilikuwa nairuka.

Huko Ufaransa, katika karne ya 17, kijana wa miaka 18 aliutazama mti usio na jani wakati wa baridi, akawaza kwamba baada ya kitambo majani yatarudi, kisha maua na matunda. Upendo wa Mungu ukamshika tangu hapo. Baadaye alitumika jikoni katika monasteri huko Paris, akajulikana kama Bruda Lawrence. Hakuonyeshwa muujiza wowote siku ile, ila mti mkavu kama huu wangu.

Ukipata nafasi juma hili, shika kijiti cha mti uliopukutika. Utaona kovu dogo pale jani lilipokuwa. Pandisha kidole kidogo tu juu yake, utagusa kitu kigumu, kimefungwa kwa magamba. Ni chipukizi la majira yajayo. Liliumbika wakati wa joto, jani likiwa bado bichi na limelifunika.