Msitu Uliopotea, Oregon: kabla hujaingiza gari kwenye mchanga

Wanaopita Christmas Valley, kusini-kati ya Oregon, huuliza misonobari ya Msitu Uliopotea imefikaje katikati ya jangwa. Ni ponderosa, kwenye eneo la karibu ekari 9,000, na msitu mwingine wa aina hiyo uko kilomita 60 hivi. Pembeni kote ni mchanga na vichaka vya kijivu vya jamii ya pakanga.

Mvua ya pale haifiki milimita 300 kwa mwaka, kidogo mno kwa ponderosa. Siri iko chini. Mchanga hunyonya mvua na theluji upesi kabla jua halijazirudisha angani, kisha tabaka gumu la ziwa la kale huzuia maji yasizame zaidi. Mizizi hunywea hapo. Ndiyo maana miti imeachana hivyo. Maji hayatoshi msongamano.

Kuitambua ponderosa ni rahisi: sindano tatu kwa kishada, na gome la mti mzee ni la rangi ya chungwa. Linuse, lina harufu kama vanila. Mitarakwa nayo ipo, mingine minene ajabu.

Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta. Punguza upepo wa matairi hadi pauni 15–20 kwa inchi ya mraba (psi) na ubebe pampu ya kuyajaza tena ukirudi lami. Likikwama usikanyage mafuta, matairi yatajichimbia tu. Fukua mchanga mbele ya kila gurudumu kwanza. Maji beba yako. Usitoke nje ya njia zilizoruhusiwa wala usikate kuni: msitu huu umetengwa kwa utafiti.