Siku moja maishani mwangu: Jumatatu ya mwanafunzi wa uuguzi Leipzig

Saa 10:00 alfajiri
Simu ikilia naizima upesi, maana binamu yangu amelala chumba cha pili na shule yake inaanza baadaye. Ujumbe wa mama umeshaingia. Majira ya baridi saa za Tanzania hutangulia za Ujerumani kwa saa mbili, hivyo kwake kumekucha na ng'ombe wameshakamuliwa. Namwandikia shikamoo, namwambia niko salama, kisha navaa nguo juu ya nguo. Chupa ya chai ipo mezani. Shangazi huiandaa usiku anaporudi kutoka zamu ya jioni, kwa sababu yeye naye ni muuguzi, na zipo siku tunapishana bila kuonana kabisa. Siku hizo chai ndiyo salamu yake.

Saa 12:00 asubuhi
Zamu inaanza kwa makabidhiano. Muuguzi wa usiku anasoma haraka: nani hakulala, nani presha ilipanda, nani amekunywa maji kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika nyumba ya wazee. Mafunzo ni ya miaka mitatu, yasiyopungua saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini, na unalipwa huku unasoma. Tangu sheria mpya ya uuguzi ilipoanza mwaka 2020, kipo cheti kimoja kinachomruhusu mtu kuhudumia watoto, watu wazima na wazee.

Baada ya hapo ni mikono tu: kuogesha, kuvalisha, kumgeuza asiyeweza kujigeuza ili asipate vidonda vya mgandamizo. Ushauri wa kwanza wa shangazi ulikuwa huu: "Mwanangu, usimguse mzee kabla hujamwambia unachotaka kufanya." Naufuata hata kwa wale ambao kumbukumbu zimewatoka. Nimeona bega lililokaza likilegea kwa sababu tu mtu ametajiwa jina lake na kuambiwa kwamba maji ni ya vuguvugu.

Bibi mmoja wa chumba cha mwisho huniuliza kila Jumatatu kama nitakwenda Nikolaikirche, kanisa la Mtakatifu Nikolai lililo mjini, jioni. Namjibu kwamba nitakwenda. Yeye alikuwepo tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walipoandamana mjini kuipinga serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, baada ya maombi ya amani kanisani humo, huku askari wamejipanga na silaha. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguka. Nikimchana nywele husimulia jinsi alivyobeba mshumaa kwa mkono mmoja na kuukinga upepo kwa mkono wa pili. Anasema mwenye mikono yote miwili kwenye mshumaa hawezi kurusha jiwe.

Saa 4:00 asubuhi
Mapumziko. Nasoma slipu ya mshahara, na ndani yake upo mstari wa kodi ya kanisa. Nyumbani wengi huniuliza habari hii, kwa hiyo naieleza. Ukihamia Ujerumani una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, na wakati wa kujiandikisha unaulizwa dini yako. Ukijitaja Mlutheri au Mkatoliki, serikali inakata kodi na kuipeleka kanisani. Hapa Saxony, jimbo lenye mji wa Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara wote. Majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Asiyekatwa kodi ya mapato kwenye mshahara hakatwi na hiyo.

Shangazi alinieleza yote kabla sijashika kalamu, nikajiandikisha Mlutheri kwa kujua na kwa kutaka. Nimekulia kwenye bahasha za ahadi na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Ule mnada naukosa sana, kwa sababu pale hata asiye na fedha huonekana na mkungu wake. Huku fedha inakwenda kimya kimya, nami nikaona ni lazima nitoe kitu kingine kinachoonekana.

Saa 8:30 mchana
Tramu hadi mjini, kisha maktaba ya jiji pale Wilhelm-Leuschner-Platz. Anatomia, na majina ya mifupa kwa Kijerumani. Sina zaidi ya kusema kuhusu saa hizi mbili.

Saa 11:00 jioni
Nikolaikirche. Nje giza limeshaingia, ndani nguzo nyeupe zinapanda hadi darini na kuchanua majani ya mitende. Maombi ya amani hufanyika humu Jumatatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hayajakoma. Naketi kati ya watu nisiowajua, wengine wameingia na mifuko ya sokoni. Inatajwa nchi yenye vita, tunanyamaza, tunaimba.

Najisikia mwenyeji humu kwa sababu ambayo wenzangu wa darasani hawakuitarajia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame, kwetu Kilimanjaro, mwaka 1893, na usharika alikobatizwa babu yangu ulitokana na kazi yao. Nyimbo nyingi za humu nazijua kwa Kiswahili tangu utotoni. Organi ikianza, mdomo wangu unatangulia na Kiswahili, kisha macho yanakimbilia kitabu.

Saa 12:30 jioni
Chakula cha jioni kwa shangazi, leo wote watatu tupo. Wiki hii jina langu liko kwenye zamu ya kufagia ngazi za jengo, nami nimefagia kabla ya kula. Niliomba mwenyewe kuingizwa kwenye orodha. Nawaambia wanaokuja kuishi kwa ndugu ughaibuni: ombeni kazi za nyumba mapema, na zungumzeni habari ya fedha wazi, mkiwa mezani. Mimi na shangazi tuliandika ninachochangia kwenye kodi ya nyumba na chakula. Mama naye nilimtajia mshahara wangu halisi na makato yake, akapanga ada ya mdogo wangu kwa hesabu hiyo. Nimeona ndugu wanaopendana wakinuniana miezi kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa karatasi moja.

Binamu yangu ananisahihisha Kijerumani, mimi namfundisha kuamkia wakubwa kwenye simu bila kusukumwa na mama yake.

Saa 1:30 usiku
Mazoezi ya kwaya usharikani kwetu. Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wangu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mchungaji akaomba tafsiri, shangazi akaisoma sentensi kwa sentensi, na Jumapili iliyofuata nikatambulishwa mbele ya watu. Wanakwaya ni wachache na wengi wana umri wa shangazi au zaidi. Saxony leo wengi hawana dini, jambo ambalo mtu wa Kilimanjaro halizoei upesi. Wanaimba wametulia wima, kwa nota za mistari. Mimi nilijifunza alto kwa solfa, yaani do, re, mi. Mama anayesimama kando yangu hunigusa kiwiko sauti inapoingia, nami siku hizi nawafundisha kusikiliza bila karatasi, wafumbe macho na kushika sauti zao. Tenori wameanza kuyumba mabega kidogo. Mwalimu wa kwaya ameona na hakuwazuia.

Mwishoni tunapanga zamu za Jumapili: viti, kahawa baada ya ibada, msomaji. Jina langu limeandikwa kwenye somo la kwanza.

Saa 3:30 usiku
Somo ni la Isaya. Nalisoma kwa sauti jikoni. Shangazi ananisimamisha kila ninapofupisha irabu, na binamu anaongeza masahihisho yake kutoka mlangoni. Anataka kuja Jumapili akae benchi la mbele, anisikie kama nimeyashika. Shangazi amemwambia atakuja, ila atasaidia kupanga viti kwanza.