Shoga yangu kutoka Bweni

Wanangu walitaka kunipeleka hotelini Raskazone kwa sababu nimetimiza miaka 70. Nikawaambia hela hiyo wekeni petroli, mkanichukulie shoga yangu Bweni.

Bweni iko ng'ambo ya mto Pangani. Unavuka kwa pantoni, kisha kuna kama kilomita 50 mpaka Tanga mjini. Zamani tulikuwa tunaidharau njia hiyo. Kwa viuno vya sasa ni safari ya kuagana na jirani. Kijana wangu alimfuata alfajiri, na kabla ya saa tano bibi yule kashuka mlangoni kwangu Ngamiani na kikapu cha nazi. Nazi! Analeta nazi Tanga.

“Zenu hazina tui,” akasema, hata salamu hatujamaliza.

Tulijuana kwenye ualimu. Serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, mwaka 1977, walimu walikuwa haba, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba kama sisi, tukawa tunajifunza kufundisha huku tunafundisha. Waliotudharau walituita “walimu wa UPE”, kwa jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Wengine watoto wao tuliwafundisha sisi kusoma, lakini hayo tuyaache.

Urafiki wenyewe uliiva kwenye foleni. Wajukuu wangu hawaamini kwamba kuna wakati mtu mwenye mshahara mfukoni alikosa sabuni. Miaka ya mwanzo ya 1980 tulifulia majani ya mpapai, tukala ugali wa njano tuliouita yanga, na sukari ikija unasikia kwanza mbio, ndiyo habari inafuata. Mmoja wetu alikaa foleni, mwenzie akashika madarasa yote mawili. Mwalimu mkuu alijua, akageuza uso. Na yeye alikuwa na watoto.

Siku moja zikaja kanga, doti moja kwa mtu, na zamu ilipotufikia ikawa imebaki doti moja. Tukaikata. Kila mmoja akachukua upande wake, na harusi yoyote ikitokea tunaazimana ili angalau mmoja wetu avae kamili.

Mjukuu wangu wa kike aliyekuwa anakuna nazi akauliza, “Sasa bibi, mkialikwa wote wawili?”

“Mmoja anaumwa,” shoga yangu akajibu.

Tulibishana jina la kanga ile mpaka wali ukataka kuungua. Mimi nasema iliandikwa “Japo sipati tamaa sikati”. Yeye ameshikilia ilikuwa “Usisafirie nyota ya mwenzio”. Upande wangu nilimbebea kitindamimba, ukaisha mgongoni kwangu. Wake anasema upo sandukuni, ila tangu nimeanza kumwambia aulete ni mwaka wa ngapi sijui. Kwa hiyo mnajua nani mkweli.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, nguru wa kupaka na mbaazi. Tui lilikuwa zito kweli, sikumwambia. Baada ya kula mjukuu wangu wa kiume, mume wangu huyo, akatutafutia taarabu kwenye simu. Balaa likaanza upya, maana ujanani kulikuwa na vikundi viwili vya taarabu, mimi nilikuwa wa Black Star na yeye wa Lucky Star, na Tanga ile usingeweza kuwa wa kote kote. Mkwe wangu alidhani tunagombana kweli, akaja na maji ya kunywa.

Kwa marehemu zetu hatukukaa sana. Tuliwataja waume zetu, tukamtaja mwalimu mkuu yule, tukawasomea Fatiha, halafu akaniuliza kama bado nina ile dawa ya kuchua magoti.

Alilala kwangu. Asubuhi wakati anapanda gari nimemwahidi kwamba Idi nitavuka mimi, nikalione hilo sanduku. Binti yangu anasema pantoni linatikisika na mimi presha inapanda. Atafute mtu wa kunishika mkono, mimi nakwenda.