Nilivyolikagua gari la Subaru Forester kabla ya kulipa

Nilihitaji gari la kutufikisha Arua kutoka Kampala, karibu kilomita 500, nikiwa na mama, watoto wawili na mizigo ya duka. Lami ipo hadi mjini, lakini nyumbani kwetu unakata njia ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha unateleza vibaya mno. Gari dogo la saluni lilikwama huko mara mbili, mama akashuka akatembea kwenye matope. Sikutaka aone hilo tena.

Fundi wangu wa Ndeeba, hapa Kampala, aliniambia, "Mwanangu, rangi achana nayo. Nenda alfajiri, injini ikiwa baridi, hapo kasoro haijifichi."

Nilianza na Toyota RAV4 ya 2004, ya mtu binafsi. Saa moja asubuhi nikagusa boneti: ya moto. Nikauliza kwa nini imewashwa mapema, nikajibiwa eti ilikuwa inaoshwa. Kesho yake nikatokea bila kupiga simu. Iliwaka kwa taabu, ikatetemeka. Ilikuwa na injini ya D4, inayorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kaboni hujazana kwenye njia ya hewa, na pampu yake ya presha ina bei kubwa. RAV4 yenye injini ya lita 1.8 haina shida hiyo, ila inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa matope yetu, hapana.

Bondi za Nakawa, yadi za magari yaliyoagizwa nje, zina magari ya karibuni zaidi, maana sheria ya 2018 ilizuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Bei nazo zimepanda. Nissan X-Trail niliipenda kwa nafasi ya mizigo, lakini gia boksi yake ni ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na nilipopanda nayo kilima cha Naguru ilinguruma bila kusogea sawasawa. Nikairudisha.

Forester ya 2010, isiyo na tabo ya kuisukumia injini hewa, ndiyo iliyonikalia moyoni. Watu walinitisha: Subaru inakunywa petroli, Subaru inachoma gasketi, ile inayozuia maji, oili na gesi ya injini visichanganyike. La gasketi sikutaka kulipuuza, ndiyo maana nilikaa nayo asubuhi nzima. Ikiwa baridi kabisa nilifungua kifuniko cha radieta, nikawasha, nikatazama maji. Hayakutoa mapovu, dalili ya gasketi iliyoungua. Oili nayo haikuwa na rangi ya maziwa, yaani haikuingia maji. Fundi akalala chini yake na tochi: bushi za mbele, zile raba za kwenye maungio ya magurudumu, zimekwisha, lakini hakuna mvujo. Tukaipeleka Naguru ikiwa na watu wanne, ikapanda bila kunung'unika.

Bushi zilinipunguzia bei. Kabla ya safari nilibadilisha mkanda wa taiming, unaoendesha vali za injini, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu mkanda ukikatika njiani vali zinapigwa na pistoni. Hadi Arua ilikunywa lita 48. Tulifika kwetu jioni, mvua ikinyesha, na mama alishukia mlangoni.