Usawa wa Wanawake na Ajenda za Mikutano Yetu

Kila inapofika tarehe 8 Machi, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, watu wengi hujitokeza kuandamana na kusikiliza hotuba, na siku hiyo naiheshimu. Hata hivyo, mtu anayetaka kushiriki katika harakati za usawa wa wanawake ningemshauri aanze na mikutano ya kawaida ya jamii yake, ile inayojadili maji, shule, usalama na matumizi ya fedha za pamoja, kwa kuwa humo ndimo mengi yanayowagusa wanawake huamuliwa mwaka mzima.

Tazama jinsi mikutano hiyo inavyoendeshwa mara nyingi. Huitishwa jioni, wakati wanawake wengi wanapika na kulisha watoto. Wachache waliofika huketi nyuma, na mmoja wao akisimama kueleza kwamba njia inayotoka kituo cha mabasi haina taa, huambiwa asubiri kipengele cha mengineyo, ambacho hufikiwa watu wakiwa wameanza kuondoka. Muhtasari ukisomwa katika mkutano unaofuata, hoja hiyo haimo. Hapo ndipo penye kazi: kuomba saa ya mkutano ibadilishwe, kupanga zamu ya kuangalia watoto (na wanaume wawemo katika zamu hiyo), kumpelekea katibu hoja kwa maandishi kabla ajenda haijapangwa, na kudai muhtasari utaje aliyetoa hoja na uamuzi uliofikiwa.

Kukusanya saini nako kunahitaji uvumilivu wa aina hiyohiyo. Huko New Zealand, mwanaharakati Kate Sheppard na wenzake walipeleka bungeni maombi ya kutaka wanawake wapige kura mwaka 1891 na 1892 bila kufanikiwa, wakarudi tena mwaka 1893 na saini zinazokaribia 32,000, na mwaka huohuo wanawake wakapata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge. Nchini Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, takribani asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi za ajira na za nyumbani kwa siku nzima, na mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa wa kijinsia. Mgomo mkubwa kiasi hicho hauwezekani pasipo watu waliokwisha kuzoea kukutana, kubishana na kukubaliana.

Kumbukumbu za vikundi vidogo nazo zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa mwaka 1979, unazitaka nchi wanachama kuwasilisha ripoti angalau kila baada ya miaka minne, na asasi za kiraia huwasilisha ripoti kivuli, yaani ripoti zao wenyewe kando ya ile ya serikali, kueleza hali halisi. Kikundi kilichotunza mihtasari, barua na majibu ya viongozi kinaweza kuzikabidhi asasi hizo ushahidi wenye tarehe, hata kama wanachama wake hawajawahi kukanyaga ukumbi wowote wa kimataifa.